Koo, Mayai na Vifaranga: Maisha ya Kuku wa Kienyeji Kibomet

Kuku ni ndege wa jamii moja na kanga, kwale na bata mzinga. Asili yake ni kuku mwitu mwekundu wa Kusini-mashariki mwa Asia, ndege mdogo anayeshinda mchana kutwa akichakura majani makavu msituni na kupanda mtini giza linapoingia. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuku wa kufugwa anakaribiana zaidi na kundi la kuku mwitu linaloishi kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Mifupa ya zamani kabisa ambayo wataalamu wanakubali kuwa ya kuku wa kufugwa ilichimbuliwa Ban Non Wat, Thailand, nayo imepita miaka 3,200. Kilichomtoa msituni, kwa kadiri ushahidi unavyoonyesha, ni nafaka. Watu walipoanza kulima mpunga wa nchi kavu, ndege huyu alifuata punje hadi uani, akakaa.

Afrika Mashariki alifika kwa bahari na kwa nchi kavu. Mifupa yake imepatikana Unguja Ukuu, mji wa Waswahili wa kale uliokuwa ukifanya biashara na nchi za Bahari ya Hindi tangu karne ya 7. Leo duniani kuna kuku zaidi ya bilioni 20 kwa wakati mmoja, na hakuna ndege mwingine anayemkaribia kwa wingi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu kuku wa kienyeji takriban milioni 30, ambao ni wengi mno kuliko leya na broila wakijumlishwa pamoja. Kwa hiyo kuku wa Kenya, kwa maana halisi, ni yule anayelala jikoni au kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na kutoka asubuhi kujitafutia.

Kibomet ni mahali pa kufaa kumtazama kuku huyo. Ni pembeni mwa Kitale, kaunti ya Trans Nzoia, ambako viwanja vya mji vinapakana na mashamba ya mahindi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake ni ya kweli. Barabara ya kusini inateremka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, na kuingia Bungoma, kwenye joto zaidi. Katika njia hiyo nzima kuku ni akiba ya nyumba. Mwanafunzi anakosa kalamu au daftari, kuku anauzwa. Mgeni wa heshima anafika kwa Wabukusu, kuku anachinjwa, na firigisi haipakuliwi ovyo: ina mtu wake, mzee wa nyumba au mgeni mwenyewe.

Firigisi yenyewe inaeleza jinsi kuku anavyokula. Kuku hana meno. Anachodonoa hukaa kwanza kwenye mfuko ulio chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua, ambao jioni mfugaji anaweza kuushika na kujua mara moja kama ndege wake ameshiba au amelala na njaa. Kutoka hapo chakula hupita kwenye tumbo dogo la tindikali, kisha huingia kwenye firigisi, msuli mnene unaosaga punje kwa kutumia vijiwe ambavyo kuku amevimeza makusudi. Kuku anayetembea huokota changarawe zake mwenyewe. Aliyefungiwa kwenye banda la saruji hawezi, na asipowekewa changarawe, punje nzima hupita mwilini bila kumfaa sawasawa.

Anakula karibu kila kitu: punje, majani, mbegu za magugu, minyoo, panzi, mabaki ya ugali. Mvua zinapoanza na kumbikumbi kuruka, vifaranga hunenepa bila mwenye nyumba kutoa hata shilingi, na wazee wa magharibi mwa Kenya walijua zamani kuwatega mchwa kwa ajili ya vifaranga. Sababu yake ni ya wazi. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9 tu, ilhali kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 16, na kifaranga karibu asilimia 20. Kifaranga anayelishwa unga wa mahindi peke yake huenda asife, ila anadumaa, na manyoya yake yanachelewa kuota. Omena wa Ziwa Victoria, mashudu ya alizeti au soya iliyopikwa, hata kwa kiasi kidogo, huziba pengo hilo. Kosa la kawaida la Kibomet ni kumhesabu kuku kuwa ameshiba kwa sababu mahindi yapo tele.

Mahindi hayo hayo yana hatari mbili. Ya kwanza huja na upanzi, Machi na Aprili. Mbegu chotara inayouzwa Kitale imepakwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu, ndiyo maana ina rangi. Kuku anayefukua mbegu mbichi kwenye mistari anakula sumu pamoja na punje, na zaidi ya hapo anamkasirisha jirani. Majuma mawili au matatu ya kufungia kuku, mpaka mahindi yaote na kukaza, huokoa ndege na ujirani.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko hiyo, na haionekani. Huja wakati wa kuvuna, kuanzia Oktoba. Mahindi yakimwagwa kwenye turubai na kuchambuliwa, punje nzima huenda gunia moja, na zilizooza, zenye ukungu wa kijani au rangi ya majivu, hutupiwa kuku. Desturi hii inaonekana kama kutoharibu kitu. Lakini ukungu wa aina ya Aspergillus hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Sumu hiyo ilitambuliwa kwanza kutokana na ndege: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu. Kuku huistahimili kuliko bata mzinga, na ustahimilivu huo ndio unaodanganya. Mara nyingi hafi. Ini lake huharibika polepole, mayai hupungua, na kinga ya mwili hushuka kiasi kwamba hata chanjo haishiki vizuri. Sehemu ya sumu huingia kwenye ini na kwenye mayai, yaani inarudi mezani. Mahindi yaliyooza si chakula cha kuku. Mahali pake ni kwenye shimo la taka au motoni.

Maisha ya kila siku ya kuku huongozwa na mwanga. Jicho lake lina aina nne za chembe za kutambua rangi, wakati la binadamu lina tatu, na huona hata mwanga wa urujuanimno ambao mtu hauoni kabisa. Mchana, basi, kuku huona rangi nyingi kuliko mwenye shamba. Lakini chembe za kuonea gizani anazo chache, na jua likishatua karibu anakuwa kipofu. Ndiyo sababu anakimbilia kulala mapema, na ndiyo sababu kuku wa kuchanja, kuhamisha au kuuza hukamatwa usiku au alfajiri, bila mbio na bila kuvunja mbawa. Akipewa nafasi hulala juu ya fito, kama babu zake walivyolala mtini. Mguu ukikunjwa, kano huvuta vidole vikashika ufito bila ndege kutumia nguvu. Banda lisilo na fito huwalaza kuku juu ya kinyesi na unyevu, ambako utitiri na magonjwa ya kuhara huwapata kwa urahisi.

Alfajiri jogoo huwika kabla mwanga haujaonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake: hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, huendelea kuwika kwa zamu ya alfajiri. Mwaka 2015 walipata jambo la pili. Majogoo wakiwa pamoja, mkubwa kwa cheo huwika kwanza, na wengine hufuata kwa mpangilio wa vyeo vyao. Mkubwa akiondolewa, wa pili ndiye anayeanza.

Vyeo hivyo si vya majogoo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alikuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, alieleza kwamba kila kundi lina daraja: koo wa juu humdonoa yeyote, wa pili humdonoa yeyote isipokuwa wa kwanza, na hivyo hivyo hadi wa chini kabisa ambaye hudonolewa na wote. Daraja likishajulikana, ugomvi hupungua. Kuku mgeni akiingizwa, vita huanza upya, na mayai yanaweza kupungua kwa siku kadhaa. Mwenye chombo kimoja cha chakula huwalisha kuku wa juu. Vyombo viwili au vitatu vilivyoachana huwafikia na wa chini.

Katikati ya mchana kuku huoga vumbi. Hujichimbia kishimo mahali pakavu, hujirushia udongo hadi kwenye shina la manyoya, kisha hujikung'uta. Vumbi huondoa mafuta yaliyozidi na kupunguza chawa. Miezi ya mvua ya Trans Nzoia, ambapo ua mzima ni tope, kuku hukosa jambo hili, na sanduku la majivu na mchanga mkavu chini ya paa ni msaada wa bure.

Yai ndilo kitovu cha maisha ya koo. Koo hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Kiini kikiiva hudondoka kwenye mrija wa uzazi, na kama kuna mbegu za jogoo hurutubishwa pale pale, ndani ya dakika chache. Huzungushiwa ute kwa muda wa saa tatu hivi, hupata ngozi mbili nyembamba, kisha hukaa karibu saa 20 kikitengenezewa ganda. Ganda lina takriban gramu 2 za kalisi, na sehemu ya kalisi hiyo hutolewa mifupani usiku, wakati hakuna chakula kinachoingia. Koo asiyepata kalisi hutaga mayai ya ganda laini, na huenda akaanza kuyala. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwaponda hadi yasitambulike humrudishia alichotoa. Kazi yote huchukua saa 24 hadi 26. Kwa kuwa inazidi siku moja kidogo, saa ya kutaga husogea mbele kila siku, mpaka koo aruke siku moja na kuanza tena asubuhi.

Koo hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika tu mayai yakiwa ya kuangua, na akishampanda koo, mbegu huhifadhiwa kwenye vijifuko vidogo vya mrija wa uzazi na kuendelea kurutubisha mayai kwa wiki moja au mbili. Jogoo mmoja anatosha koo 10. Anayefuga majogoo wanne kwa koo sita analisha walinzi wasio na lindo.

Katika nchi za kaskazini ya mbali, kuku huacha kutaga majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi. Kitale iko nyuzi 1 tu kaskazini mwa ikweta. Mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na mwanga haumwambii koo aache. Kinachopanga mwaka wake ni chakula, na zaidi ya chakula, ni uzazi wake mwenyewe. Hapa ndipo kuku wa kienyeji anapohukumiwa vibaya.

Inasemwa mara kwa mara kwamba kuku wa kienyeji ni mvivu: anataga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, wakati leya hufikia 300. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini uvivu haumo. Koo wa Kibomet hutaga mayai 12 hadi 15 kwa mkupuo, jambo linalochukua kama wiki mbili na nusu. Kisha hulalia siku 21. Vifaranga wakitoka, huwalea wiki nane hadi kumi, na katika muda huo hatagi. Ongeza siku za kurudisha mwili. Mzunguko mzima ni kama miezi minne, yaani mizunguko mitatu kwa mwaka, na mitatu mara 13 ni mayai 39. Koo anafanya kazi ya leya, ya mashine ya kuangulia na ya mlezi. Leya hufanya ya kwanza tu, na mwenye shamba hulipa bili ya nyingine mbili.

Kulalia huanzishwa na homoni iitwayo prolaktini. Inapopanda, ovari husinyaa, manyoya ya tumboni hupungua ili ngozi yenye joto iguse mayai, na koo hukaa kiotani, akitoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kwenda haja. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, na mayai huyaweka karibu na nyuzi 37.5. Huyageuza mara nyingi kutwa ili kijusi kisigande kwenye ganda. Chakula na maji visiwe mbali na kiota, maana koo anayesafiri kutafuta maji asubuhi ya baridi huyaacha mayai yakipoa.

Jambo moja la ajabu linawafaa sana wafugaji wa sehemu za baridi. Yai lililorutubishwa likikaa chini ya nyuzi 20 hivi, kijusi husimama kukua bila kufa. Kwa hiyo yai la kwanza na la kumi na tatu, yaliyotagwa kwa kupishana wiki mbili, huanza safari pamoja siku koo anapokaa, na huanguliwa karibu kwa wakati mmoja. Chumba cha Kitale kisicho na moto ni hifadhi nzuri ya mayai ya kuangua, na Bungoma, kwenye joto, ni vigumu zaidi. Hata hivyo uhai wa yai hupungua kila siku baada ya wiki ya kwanza. Mfugaji makini huandika tarehe kwenye ganda kwa penseli, hula au huuza ya zamani, na kumlaza koo juu ya yale yasiyozidi siku kumi.

Siku ya saba mayai humulikwa. Kazi hii hufanywa usiku, mlango ukiwa umefungwa. Tochi ya simu hufunikwa kwa karatasi ngumu yenye tundu, na yai huegemezwa kwenye tundu kwa upande wake mnene. Yai lisilo na mbegu hung'aa lote, manjano tupu. Yai lililo hai huonyesha kidoa cheusi kinachotikisika na vimishipa vyekundu vilivyosambaa pande zote kama miguu ya buibui. Mayai matupu huondolewa yasije yakaoza na kupasuka chini ya koo. Koo wawili waliolazwa siku moja, kila mmoja akibaki na mayai machache, wanaweza kuunganishwa: mmoja apewe yote, na mwingine arudi kutaga.

Siku moja kabla ya kutoka, kifaranga hulia ndani ya yai na mama humjibu. Hutoboa ganda kwa kijino kigumu kilicho juu ya mdomo, ambacho hudondoka baadaye. Saa za mwisho kabla ya hapo ameshavuta kiini kilichobaki kikaingia tumboni, na chakula hicho kinamtosha siku mbili au tatu. Ndiyo sababu koo hukaa kimya juu ya waliotoka akiwasubiri waliochelewa, na ndiyo sababu kifaranga wa siku moja husafirishwa kwenye boksi kutoka kiwandani bila kulishwa njiani.

Kisha huanza wiki nane zinazoamua kila kitu. Kifaranga mchanga hana uwezo wa kujipasha joto mpaka manyoya yaanze kufunika mwili. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, wakati usiku wa Kibomet unaweza kushuka hadi nyuzi 10. Tumbo la koo hufunika vifaranga kumi au kumi na wawili, na zaidi ya hapo wa pembeni hubaki nje. Asubuhi umande huwalowesha, na aliyelowa anapoteza joto ndani ya dakika chache. Vifaranga wasifunguliwe mpaka majani yakauke. Wanaowalea bila mama hutumia jiko la makaa, na hapo tundu la hewa si la hiari: moshi usioonekana wa makaa huua chumba kizima, vifaranga na binadamu.

Adui wengine wana miguu na mabawa. Mwewe hushuka mchana, nguchiro na kicheche huja kupitia uzio, panya huchukua vifaranga usiku, na paka wa jirani hahitaji maelezo. Koo amejiandaa kwa hili kuliko inavyodhaniwa. Chris Evans, Linda Evans na Peter Marler walionyesha mwaka 1993 kwamba kuku wana milio tofauti kwa hatari tofauti. Mnyama wa ardhini hutangazwa kwa mlio wa kukatakata, unaorudiwa, na wanaousikia husimama wima kutazama. Ndege wa angani ana mlio wake, na wanaousikia hukimbilia kificho na kuinamisha mwili, hata kama wao wenyewe hawajaona kitu. Vifaranga hufunzwa milio hiyo, na chakula, na hatari, kwa kumfuata mama. Koo akikuta punje au mdudu, hutoa mlio mfupi wa haraka, huokota na kudondosha, mpaka wadogo waje. Kifaranga aliyelelewa kwenye boksi hajui angani kuna nini.

Fikiria koo mmoja mwenye mizunguko mitatu, akiangua vifaranga 12 kila mara. Wakibaki wanne kufika wiki ya nane, mwaka unatoa kuku 12. Wakibaki tisa, unatoa 27. Koo ni yule yule, mayai ni yale yale, na hakuna mbegu mpya iliyonunuliwa. Tofauti yote imo katika tenga la kuwafunika vifaranga mchana wiki tatu za kwanza, chakula chenye omena kinachowekwa ndani ya uzio ambao kuku wakubwa hawapiti, maji safi, na kuchelewa kufungua mlango asubuhi. Mfugaji akiwatenganisha vifaranga na mama wakiwa na wiki nne, baada ya kuota manyoya, koo hurudi kutaga mapema na mzunguko wa nne unawezekana.

Hesabu hiyo hupinduliwa na kitu kimoja tu kwa siku chache: kideri. Ugonjwa huu wa virusi ulizuka mwaka 1926, Java na Newcastle, Uingereza. Kuku husinzia, hushusha mabawa, huhara kinyesi cha kijani au cheupe, huhema kwa shida, na baadhi hupinda shingo. Kundi lisilochanjwa linaweza kuisha lote. Hauna dawa. Pilipili, majivu na vidonge vya binadamu vinavyotiwa kwenye maji havigusi virusi.

Kideri hakipigi ovyo. Hupamba moto miezi mikavu yenye upepo, kuanzia Desemba, na Desemba ndiyo mwezi ambao kuku husafiri kuliko mwezi wowote. Watu hurudi nyumbani, zawadi za kuku hubadilishana mikono, madalali hukusanya kijiji hadi kijiji, bodaboda hupita na matenga yaliyojaa kuelekea Kitale au soko la Chwele, ambako kaunti ya Bungoma ilijenga kichinjio cha kuku. Kuku aliyeshindwa kuuzwa sokoni hurudishwa nyumbani jioni akiwa amelala tenga moja na kuku wa vijiji kumi. Kuku mpya, au aliyerudi, atengwe wiki mbili. Kuku mgonjwa asiuzwe. Kuwauza haraka kabla hawajafa ndiko kunakosambaza ugonjwa kutoka Kiminini hadi Bungoma.

Kinga ipo na ni rahisi. Chanjo ya aina ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na nchini Kenya chanjo za kideri hutengenezwa na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Tone moja la I-2 kwenye jicho moja linatosha, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kikwazo cha Kibomet si bei ya tone. Chupa moja ni ya kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haikai. Nyumba yenye kuku 12 inaona hasara kuinunua. Nyumba kumi zikichanga, zikachagua alfajiri moja kabla kuku hawajafunguliwa, kila moja hulipa kidogo, na mtaa wote unalindwa kwa pamoja, na hiyo ndiyo njia pekee ya kinga hii kufanya kazi kikamilifu.

Baada ya hayo ndipo swali la mbegu linafaa kuulizwa. Si jipya: mwaka 1976 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuendeleza kuku uliowapa wafugaji majogoo bora wabadilishane na wa kienyeji. Siku hizi shirika la utafiti wa kilimo la KALRO, Naivasha, hutoa kuku wa kienyeji walioboreshwa, na Kuroila wa asili ya India, aliyeingizwa Uganda mwaka 2010, alivuka mpaka haraka na kuenea magharibi mwa Kenya. Kuku hawa hukua upesi, huwa wazito, na hutaga zaidi. Lakini Kuroila kwa kawaida halalii mayai. Mwenye kundi la Kuroila watupu hununua vifaranga tena na tena, au hununua mashine na kulipia umeme. Uzito wake humfanya mzito pia kumkimbia mwewe, na kideri humuua sawa na kuku mwingine yeyote. Nyumba inayopoteza vifaranga wanane kati ya 12 wa kienyeji itapoteza wanane wa Kuroila pia, kwa gharama kubwa zaidi.

Njia ya busara kwa kiwanja kidogo ni kubaki na makoo wa kienyeji wanaojua kulalia na kulea, na kuwaletea jogoo aliyeboreshwa kutoka nje ya mtaa, akibadilishwa kila mwaka mmoja na nusu hivi asije akapanda binti zake. Lakini jogoo huyo aje baada ya fito, changarawe, tenga la vifaranga na chanjo. Chanjo nayo iwahi. Kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa mwilini, kwa hiyo majirani wa Kibomet wanaochangia chupa moja waifungue mapema Novemba, kabla matenga ya Krismasi hayajaanza kupita.